Nilivyokosa Penalti Dukani kwa Baba Mkwe

Wana, leo nimepatikana.

Nawaandikia nikiwa kitandani, goti limefungwa barafu ndani ya taulo. Nawaambia nyinyi kwanza kwa sababu video itawafikia tu, kama haijawafikia, na kwenye video sipati nafasi ya kujieleza. (Kwenye video napata nafasi ya kuanguka.)

Habari ya Jumamosi mnayo. Sipendi kuirudia lakini mji mzima unairudia, kwa hiyo na mimi nairudia. Mechi na watani wetu, mwishoni kabisa, sare, tunapewa penalti. Nahodha akaniangalia. Uwanja ukaimba jina langu. Nikapiga. Mpira ukapita juu, ukaenda jukwaani kwa wauza karanga. Hata jasho halijakauka, watani wakaja upande wa pili wakatufunga.

Nilipokuwa natoka uwanjani nilikuwa nimeshabadilishwa jina. Msimu uliopita waliniita Radi. Sasa naitwa Sanamu. Na wimbo nimetungiwa: "Sanamu ee, kunguru wamekutulia!" Ubaya ni kwamba wimbo wenyewe ni mtamu. Jana nilijikuta nauimba bafuni.

Goti mnalijua nyinyi, mimi na daktari wa timu. Linavimba kila nikicheza. Nachomwa sindano, nacheza, nanyamaza. Mkataba unaisha msimu huu, na mchezaji anayelia goti haongezewi mkataba. Hata Neema nilimwambia ni uchovu tu.

Sasa tuje kwa Neema. Neema mnamjua, yule wa ofisi ya bima kule Posta, aliyewapikia pilau mkakwangua mpaka ukoko (sijasahau). Tumeamua kuoana. Kilichobaki ni mzee wake. Mzee wake ni Mchaga, ana duka la jumla la vitenge na mashuka Kariakoo, na mtaa mzima unamwita Mangi. Na Mangi ni mwenzetu, ndugu zangu. Ni shabiki wa timu yetu tangu hatujazaliwa. Timu ikifungwa hali ugali siku hiyo, anakula uji, anasema ugali ni wa washindi.

"Baba sijamwambia jina lako," Neema aliniambia jana. "Nimemwambia tu kuna mtu namleta. Akuone kwanza wewe kama wewe. Mambo ya mpira tutamwambia akishakuzoea."

"Si atanitambua sura?"

"Baba anasikiliza redio. Wewe anakujua kwa zile nywele tu, za kwenye magazeti."

Zile nywele zangu za rangi ya dhahabu, wana. Nilizinyoa zote jana. Kinyozi alikuwa ananinyoa huku anasonya. Mtu ameshika wembe kisogoni kwako na anasonya! Alipomaliza nikamwomba radhi mimi.

Mpango ulikuwa rahisi. Mchana, wakati wa chakula, Neema atoke Posta aje Kariakoo, tukutane nje ya duka, tuingie pamoja. Aliniambia maneno haya, nayanukuu: "Usiingie peke yako. Nisubiri nje." Mtoto mdogo angeelewa.

Nikafika mapema. Nimevaa suruali ya kitambaa, shati la mikono mirefu, kofia, miwani myeusi na barakoa. Jua la Kariakoo mnalijua. Nikasimama nje ya duka najifanya nasoma simu. Pembeni yangu kuna jamaa anauza jezi, amezitundika kwenye waya, ananadi kwa sauti ya kukauka:

"Jezi ya timu, jezi ya timu! Chukua yoyote, ya Sanamu nakupa nyongeza!"

Mama mmoja akachagua jezi ya kipa. Jamaa akamtilia na yangu mfukoni. Yule mama akaitoa, akamrudishia.

"Kaa nayo," akasema. "Nyumbani nina matambara ya kutosha."

Nikasogea mbali kidogo. Goti likaanza kuuma kwa kusimama. Nikatafuta pa kuegemea, na hapo ukatokea mkokoteni umejaa marobota, msukumaji anapiga mluzi, "Mguu! Mguu! Angalia mguu!" Kulia ukuta, kushoto muuza soksi na meza yake. Pa kupishia palikuwa mahali pamoja tu, mlango wa Mangi. Nikaruka.

Nikajikuta ndani.

Ndani kuna majora ya vitenge mpaka darini, feni inazunguka, redio inabishana na yenyewe juu ya mechi ya Jumamosi. Nyuma ya kaunta amekaa mzee mnene, futi ya kupimia shingoni. Huyo ndiye Mangi, pua ni ya Neema kabisa. Kwenye benchi mbele ya kaunta amekaa mzee mwembamba wa kanzu na kofia ya kitani, ana kikombe cha kahawa. Huyo ni jirani yake, anauza udi na manukato duka la pili, wanamwita Ami. Nilikuja kujua baadaye kwamba wamekaa hapo wawili wanabishana mpira kabla Neema hajaanza shule.

"Shikamoo baba," nikasema. (Limenitoka lenyewe. Baba!)

"Marahaba, kijana. Karibu. Unachukua jumla au rejareja?"

"Naangalia kwanza, mzee."

"Angalia. Macho hayana kodi."

Nikashika kitenge kimoja nikakikagua kama fundi. Redioni mchambuzi akataja jina langu. Mangi akapiga kaunta.

"Umesikia, Ami? Bado wanamzungumza! Mimi ningekuwa kocha, yule angerudi kwao kwa basi la usiku ule ule."

"Mangi, mwogope Mungu," Ami akasema taratibu. "Kijana ana goti yule. Mimi nilikuwepo uwanjani, nimemwona kwa macho yangu. Kabla ya kupiga alikuwa anauweka mguu chini kama mtu anayekanyaga msumari. Wanamchezesha mgonjwa."

Wana, nikaacha kukagua kitenge. Tangu Jumamosi nimesoma matusi mpaka simu ikaishiwa chaji. Kocha hajaliona goti. Wenzangu vyumbani hawajaliona. Kumbe kulikuwa na mzee mmoja, muuza udi, amekaa jukwaani juani, ameliona.

"Goti!" Mangi akaruka. "Aisee Ami, mimi nina presha, nina sukari, mbona duka nafungua? Goti! Kama ana goti aseme ana goti!"

"Anamwambia nani? Nyinyi mtamsikiliza?"

"Wewe kijana!" Mangi akanigeukia. "Wewe wa barakoa. Unashabikia timu gani?"

"Yetu, mzee." (Hapo sikudanganya.)

"Safi. Basi tuamulie sisi wazee. Yule Sanamu ni mchezaji, au ni mlingoti wa goli?"

Nimelala hapa tangu nirudi naiangalia ile sekunde. Ningeweza kuvua barakoa. Ningeweza kusema sijui, mzee, mimi mpira sifuatilii sana. Ningeweza kutoka nje kumsubiri Neema, kama nilivyoagizwa. Badala yake nikamwangalia mzee yule mwenye pua ya Neema, nikataka anipende.

"Mlingoti una afadhali, mzee," nikasema. "Mlingoti mpira ukiugonga unaweza kuingia golini."

 Kisha Mangi akacheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia kwa mtu mnene kama yule. Akapiga kaunta, akashika tumbo, machozi yakamtoka.

"Aisee! Kijana ana akili huyu! Kaa hapo! Kaa!" Akafungua friji dogo, akanipa soda ya baridi.

(Soda nikaishika tu. Ningeinywaje na barakoa?)

Na sasa niwaambie kitu cha aibu kuliko vyote. Nilifurahi. Siku zote hizi watu wananicheka, na leo mtu amecheka kwa sababu yangu, akanipa kiti na soda. Nikataka acheke tena. Nikaendelea. Nikasema yule jamaa akikimbia hata kivuli chake kinamtangulia. Nikasema mabeki wa watani waliomba akabwe na mtoto wa shule wao wakapumzike. Muuza soksi akaingiza kichwa mlangoni kusikiliza. Muuza jezi naye akaja. Wapita njia wakasimama. Kila nikisema, wanaangua kicheko, na mimi nazidi kupanda bei.

Ami peke yake hakucheka.

"Kijana," akaniambia, "mseme mchezo wake, sawa. Lakini yule ni mtoto wa watu. Ana mama yake mahali, anasikia haya."

Watu wakaniangalia, wanasubiri jibu. Nikalitoa.

"Ami, yule akiingia uwanjani, mama yake mwenyewe anazima televisheni."

Duka likalipuka, na mimi nikacheka nao. Muuza soksi akajitupa kwenye marobota kwa kucheka. Ami akaweka kikombe chake chini.

Na ni kweli, wana. Mama huwa anazima. Anazima kwa sababu hawezi kuangalia ninavyochechemea, aliniambia mwenyewe. Nimechukua maneno ya mama yangu nikayauza Kariakoo kwa soda moja ambayo sikuinywa.

Mangi akafuta machozi kwa ncha ya shuka.

"Kijana umeoa wewe?"

"Bado, mzee."

"Unaona mambo ya dunia?" akamwambia Ami. "Leo binti yangu ananiletea mwanaume. Jina hataji, kazi hataji, anasema nitamwona. Sijui ananiletea bishoo gani. Sasa angeniletea mtu kama huyu, mchangamfu, ana heshima, anaamkia, anajua mpira, mimi ningesema nini? Ningechinja."

Wana, nilisikia raha mpaka kwenye nyayo. Nikajiona nimeshapita. Nikawaza kwamba Neema akija atatukuta tumeshakuwa baba na mwana, nitavua barakoa, tutacheka wote, hadithi ya kuwasimulia wajukuu. (Ndiyo. Nilifika mpaka kwa wajukuu.)

Ndipo Mangi akasema, "Lakini ile penalti mimi sikuiona. Redioni yule mtangazaji alipiga yowe tu. Hebu nionyeshe. Aliipigaje?"

Akachukua foronya mbili, akazikunja, akazifunga fundo, akazitupa sakafuni. Mpira huo. Watu wakarudi nyuma wakaacha nafasi. Muuza soksi akaenda kusimama mlangoni, mikono ameitanua, kipa. Muuza jezi akatoa simu kurekodi.

"Mangi, mwache kijana," Ami akasema.

"Dakika moja tu, Ami! Nimesikiliza redio miaka yote, na mimi nione!"

Nikaweka soda chini.

Nilitaka kufanya mzaha mdogo tu, nipige vibaya watu wacheke. Lakini mguu una akili yake. Nilipousimamia ule mpira wa foronya nikaanza kufanya yale ninayoyafanya siku zote bila kufikiri. Nikavuta soksi ya kulia. Nikagusa chini, nikagusa kifua. Nikarudi nyuma hatua fupi fupi. Nikapuliza pumzi mara mbili. Watu wakawa wanapiga mbinja. "Anamuiga! Anamuiga mpaka pumzi!" Nikakimbia, nikasimama kidogo katikati kama ninavyosimama, nikapiga.

Foronya ikapaa. Ikapita juu ya kipa, ikagonga ukuta juu ya mlango, ikarudi, ikanaswa na feni. Ikawa inazungushwa pale juu, pata-pata-pata.

Hiyo niliiona nikiwa sakafuni. Mguu niliosimamia uliteleza kwenye nailoni ya jora, goti likapinda, nikasikia sauti ndani yake ambayo sipendi kuielezea. Nikaanguka chali. Kofia huko. Miwani huko. Barakoa ikabaki kidevuni. Na mikono yangu, bila mimi kuituma, ikashika kichwa, vile vile kama kwenye picha ya ukurasa wa mbele ya magazeti yote ya Jumapili.

Watu walicheka mpaka wakaishiwa. Kisha wakaanza kunyamaza, mmoja mmoja.

Muuza jezi akaangalia simu yake. Akaniangalia mimi. Akaangalia simu.

"Oya," akasema. "Huyu hamuigi mtu. Huyu ni yeye!"

"Yeye nani?" Mangi akauliza.

"Yeye! Sanamu mwenyewe! Kanyoa!"

Na nyuma ya muuza jezi, mlangoni, alikuwa amesimama Neema. Ameshika keki kwenye boksi, amesuka, amevaa gauni lile la bluu ninalolipenda. Alikuwa amefika muda kidogo, ila umati ulimzuia kuingia. Alikuwa amesikia. Ile ya mama yangu alikuwa ameisikia.

"Fadhili?" akasema.

Mangi akasimama. "Neema, unamjua huyu?"

"Ndiye, baba."

"Ndiye nani?"

"Ndiye niliyesema namleta."

Mzee akaangalia feni na foronya zake zinavyozunguka. Akaniangalia pale chini.

"Na ndiye Sanamu?"

"Ndiyo, mzee," nikasema.

(Hilo ndilo jibu la kwanza la kueleweka nililotoa tangu niingie.)

Nilijua atanipiga. Nilitamani anipige. Badala yake aliyekuja ni Ami. Mzee mwembamba vile, akaniingizia mkono kwapani, akaninyanyua, akanikalisha kwenye benchi pale alipokuwa amekaa yeye. Akapandisha mwenyewe mguu wa suruali yangu, kama daktari. Goti lilikuwa limeshakuwa kama embe bolibo.

"Mangi, njoo uone," akasema. "Goti lile nililokwambia, hili hapa."

Mangi akaja akaona. 

Kisha Ami akaniangalia usoni. Sauti hakupandisha.

"Mwanangu, muda wote huu mimi nilikuwa nakutetea wewe. Wewe ulikuwa unamtetea nani?"

Wana, nimeshatukanwa na maelfu ya watu kwa wakati mmoja. Nimeshatupiwa chupa za maji, na siku moja nilitupiwa kandambili. Hakuna kilichoniingia kama lile swali la mzee wa udi.  Mpaka sasa sina jibu. Mwenye nalo aniandikie pembeni.

Mangi akavuta kiti akakaa mbele yangu.

"Kijana," akasema, "penalti ni mpira. Mpira nitakutukana na kesho, usije ukanielewa vibaya. Ukicheza ovyo nitakutukana." Akavuta pumzi. "Lakini mimi nilikuuliza. Nilikuuliza mbele ya Ami, yule ni mchezaji au ni mlingoti. Ungesema ni mimi, mzee, na goti linauma. Ningekufukuza, kweli. Hasira zangu nazijua. Jioni ningemwuliza Neema kama umefika salama."

"Nisamehe, mzee."

"Umeniuzia jina lako na la mama yako, na mimi sikukuomba bei. Siku ikiwa ngumu zaidi ya leo, jina la binti yangu hutaliuza?"

Nikamwangalia Neema. Alikuwa ameweka boksi la keki kwenye kaunta, amezima feni, ameshika fimbo ya kupimia vitambaa anazitoa foronya za baba yake. Alinipa mgongo.

"Neema," nikasema.

"Nenda, Fadhili. Watu wanajaa."

Kweli walikuwa wanajaa. Muuza jezi alikuwa ameshatoka nje na habari, na Kariakoo habari haisubiri taa za barabarani. Nikasikia wimbo unaanzia kona ya mtaa, unakuja. "Sanamu ee!" Kwanza sauti tano, mara sauti hamsini. Mtu akagonga bati la duka. Mwingine akapiga kelele tunamtaka atupigie penalti na sisi, hapa hapa barabarani!

Mangi akanyanyuka, akavuta geti la chuma, akafunga kufuli.

"Hapigwi mtu dukani kwangu," akasema. Sikujua ananihurumia au anahurumia vitenge. Akafungua mlango wa uani, akamwita msukuma mkokoteni mmoja, wakanong'ona. Ami akanishika mkono mpaka nyuma. Wakanilaza kwenye mkokoteni katikati ya marobota mawili ya mashuka, wakanifunika turubai.

"Usikohoe," Ami akaniambia. Hilo ndilo neno lake la mwisho kwangu.

Basi mshambuliaji wenu, wana, mliyekuwa mnamringia mtaani, nimetolewa Kariakoo kama robota. Ndani ya turubai kuna joto la tanuri na harufu ya mafuta ya taa. Kila shimo la barabara goti linasalimia. Tukapita katikati yao kabisa. Nasikia miguu yao, nasikia wanavyoulizana katokea wapi, kakimbilia wapi. Mmoja akaegemea mkokoteni, kiwiko chake kikatua kwenye bega langu, akaimba ubeti mzima akiwa ameniegemea. Na msukumaji wangu naye akaimba! Kwa nguvu zote! Nikamwelewa, alikuwa anatuokoa wote wawili. Lakini alikuwa anajua na vibwagizo.

Akanishusha Mnazi Mmoja, kwenye kivuli, mahali pasipo na watu wengi. Akanivuta mkono nikasimama. Nikamwambia asante sana, kaka, umeniokoa.

"Usijali, kaka," akasema, anajifuta jasho. "Mimi ni wa watani. Jumamosi ulinifurahisha sana. Mungu akuzidishie."

Akageuza mkokoteni wake akaondoka. Ndiye mtu pekee aliyeniombea dua wiki hii.

Nimefika nyumbani nimempigia daktari wa timu. Nimemwambia sindano sichomwi tena, nataka goti lipigwe picha, na kama ni kukaa nje nikae nje. Akaniuliza, una hakika? Mkataba je? Nikamwambia hakika sina, lakini picha nataka. Akakata simu bila kuaga.

Halafu nikampigia mama. Nilitaka asisikie kwa watu. Nikamweleza yote, mpaka ile ya televisheni.  Kisha akauliza, "Umekula?" Nikasema sijala. Akasema, "Kula, halafu ulale," akaanza kulia, akakata.

Na Neema kaniandikia. Ujumbe mmoja. "Kukosa kwako penalti hakukuniumiza hata siku moja. Kilichoniumiza ni kukusikia unavyocheka." Nimeandika jibu nikafuta, nimeandika nikafuta. Kwenye simu yake anaona tu kwamba naandika, naandika, hakuna kinachofika. Nadhani na hilo linamwambia kitu.

Basi ndiyo hayo. Video ikiwafikia msiisambaze. Na mwenye kutaka kucheka acheke leo amalize, maana kesho nitahitaji mmoja wenu aende kwa Mangi kunisemea kama mshenga, na sitaki afike pale akiwa bado anacheka.